Filamu Nne za Vijana na Nyimbo za Zamani: Uanze na Ipi?

Kuna jioni mtu hataki vita, hataki majambazi, wala hataki mapenzi ya kumliza hadi macho yavimbe. Anataka vijana waliochana nywele vizuri, magitaa, kicheko, na wimbo atakaoamka nao kesho yake. Watu wenye hamu hiyo wakiulizana watazame nini, filamu nne hutajwa sana: Bye Bye Birdie ya 1963, A Hard Day's Night ya 1964, That Thing You Do! ya 1996 na Hairspray ya 2007. Zote zinahusu ulimwengu mmoja, ule wa muziki wa pop wa mwanzoni mwa miaka ya 1960, televisheni ilipokuwa imeshaingia sebuleni na kijana aliweza kuamka hajulikani, akalala ni nyota. Mbili za kwanza zilitengenezwa mambo yenyewe yakiwa bado ya moto. Mbili za mwisho zilitengenezwa na watu waliokuwa wakitazama nyuma.

Ukisoma maelezo yake juu juu utadhani zinafanana, ndiyo maana watu hukwama. Ukweli ni kwamba aliyefurahia moja anaweza kuchoshwa na nyingine kabla ya nusu saa. Kwa hiyo nimezipima kwa maswali manne yale yale. Kwanza, hadithi inasimuliwa kutoka upande wa nani: nyota, shabiki, au aliyefungiwa nje? Pili, nyimbo zinaingiaje? Wapo wasiovumilia kuona mtu anakatisha mazungumzo na kuanza kuimba barabarani, na wapo wanaoipenda filamu kwa sababu hiyo hiyo. Tatu, kicheko kinatoka wapi, na kinadai Kiingereza kiasi gani? Swali hili kwetu ni zito. DJ anayetutafsiria filamu anaweza kuipandisha hadhi ngumi ya kawaida kwa sauti yake tu, lakini akizungumza juu ya wimbo, wimbo umekufa. Filamu hizi inabidi uzitazame na sauti zake zenyewe. Nne, nani mwingine atakuwa sebuleni?

Hadithi iko upande wa nani

Bye Bye Birdie imekaa nyumbani kwa shabiki. Mwimbaji Conrad Birdie ameitwa jeshini, na anayedhihakiwa hapo ni Elvis Presley, ambaye kweli aliapishwa jeshini Machi 1958 akiwa kwenye kilele cha umaarufu. Mtunzi wa nyimbo Albert, aliyeigizwa na Dick Van Dyke, hana pesa. Katibu wake Rosie, aliyeigizwa na Janet Leigh, ni mchumba wake pia, na amechoka kungoja ndoa. Rosie anabuni mpango: Birdie aimbe wimbo wa kuaga na kumbusu shabiki mmoja katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, Marekani nzima ikitazama, wimbo uuzike. Anayechaguliwa ni Kim, binti wa mji mdogo wa Sweet Apple, Ohio. Kuanzia hapo filamu inafuata yanayoipata familia ya Kim, hasa baba yake na kijana anayempenda. Birdie mwenyewe anabaki kivuli cha suti inayometameta. Ukiwa na hamu ya kuujua moyo wa mwanamuziki, hapa hutaupata.

A Hard Day's Night iko upande wa pili kabisa wa mlango. Vijana wanne wa bendi ya Beatles ya Uingereza wanajiigiza wenyewe, na mwandishi Alun Owen aliandika mswada baada ya kuandamana nao na kuona maisha yao yalivyo: treni, gari, chumba cha hoteli, jukwaa, kisha gari tena. Hakuna mapenzi wala adui wa kushindwa mwishoni. Kuna safari ya kwenda London, mazoezi, onyesho la televisheni, na babu wa kubuniwa wa Paul ambaye kila anapokanyaga huacha ugomvi. Anayehitaji kisa chenye mwanzo, kati na mwisho atauliza, "Sasa hadithi iko wapi?" Hadithi ni kwamba vijana hawa wanapendwa na nchi nzima lakini hawana ruhusa ya kwenda kutembea.

That Thing You Do! ndiyo yenye kisa kilichonyooka kuliko zote. Tom Hanks aliiandika na kuiongoza, na ilikuwa filamu yake ya kwanza ya sinema kama mwongozaji. Mwaka ni 1964, mji ni Erie, Pennsylvania. Guy anauza friji na redio katika duka la baba yake, na duka likifungwa usiku hupiga dramu akifuatisha santuri za jazi. Bendi ya mtaani inampoteza mpiga dramu wake, aliyevunjika mkono, na Guy anaombwa kuziba pengo katika shindano la vipaji. Wimbo ulitungwa kuwa wa polepole. Guy anaupiga haraka, ukumbi unainuka kucheza, na maisha yao hayarudi tena yalivyokuwa. Filamu hii inaeleza kazi ya muziki kwa uaminifu: nani anashika mkataba, nani anachagua suti, nani ana wimbo wa pili na nani hana. Kwa nyakati fulani inauma, kwa sababu unaziona nyufa kabla wenyewe hawajaziona.

Hairspray inasimama na aliyefungiwa nje. Ni Baltimore, 1962. Tracy ni msichana mnene anayecheza vizuri kuliko wengi, na ndoto yake ni kuingia katika kipindi cha vijana cha televisheni. Anaingia, lakini rafiki zake Weusi, waliomfundisha mitindo yenyewe, wanaruhusiwa siku moja tu kwa mwezi. Nyuma ya hadithi hii kuna jambo la kweli. Baltimore ilikuwa na kipindi kilichoitwa The Buddy Deane Show, kilichorushwa kuanzia 1957 hadi 1964. Weusi na Wazungu hawakuruhusiwa kucheza pamoja humo, na shinikizo la kuwachanganya lilipozidi, kipindi kikafungwa kabisa. Mwongozaji John Waters, aliyekulia huko, aliitoa filamu ya kwanza ya Hairspray mwaka 1988. Ikawa tamthilia ya muziki ya Broadway, kwenye majumba ya maonyesho ya New York, mwaka 2002, ikazoa tuzo 8 za Tony, zile za tamthilia za huko, mwaka uliofuata, ndipo ikaja hii ya 2007 iliyoongozwa na Adam Shankman. Ukiitafuta, angalia mwaka: ile ya 1988 ni ya vichekesho na dansi, lakini wahusika hawasimulii kisa kwa kuimba.

Nyimbo zinaingiaje

Hapa ndipo pa kuamulia, kuliko kwingine kokote.

Katika Bye Bye Birdie na Hairspray watu huimba mawazo yao. Birdie ilianzia Broadway mwaka 1960, na muziki wa Charles Strouse na maneno ya Lee Adams una umbo la jukwaani: kila mmoja anapata wimbo wake, hata baba mwenye hasira. Sehemu inayozeeka polepole kuliko zote ni ile ya simu, ambapo vijana wa mji mzima wanapashana habari za mapenzi ya Kim, skrini ikikatwa vipande vya rangi, kila kipande na kijana wake na simu yake. Anayeishi leo katika makundi ya WhatsApp hahitaji kuelezwa kitu. Lakini nyimbo za Birdie mwenyewe ni dhihaka ya rock 'n' roll, zimetungwa na watu waliokuwa wakiicheka. Zinafurahisha, ila hazitakukumbusha Elvis mwenyewe.

Hairspray nayo imetungwa baadaye, na Marc Shaiman na Scott Wittman, lakini inapenda inachokiiga. Tracy anaamka, anaiamkia Baltimore kwa wimbo, basi la shule linampita, anapanda juu ya lori la taka na kuendelea kuimba kana kwamba ni gari la kifalme. Ndani ya dakika hizo tano za kwanza utajua kama filamu hii ni yako. Baadaye Queen Latifah, kama Maybelle, anaongoza maandamano ya usiku kwa wimbo wa taratibu wenye asili ya kanisani, na filamu nzima inakaa kimya kumsikiliza. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipo na uimbaji mkubwa kuliko pengine popote katika filamu hizi nne.

Beatles wanaimba kwa sababu ni kazi yao, ila mwongozaji Richard Lester hakuishia kuwapanga jukwaani. Ndani ya treni wamekaa katika behewa la mizigo wakicheza karata; wimbo unaanza, na ghafla magitaa yako mikononi bila mtu kuyaleta, kisha karata zinarudi. Kwingineko wanatoroka mazoezi kwa ngazi za nje na kukimbia uwanjani kama watoto waliofunguliwa darasa, wimbo ukiwasindikiza bila mdomo hata mmoja kuimba. Wengi huitaja filamu hii kuwa chimbuko la video za muziki, na ukiyatazama maeneo hayo mawili huna sababu ya kubisha.

That Thing You Do! ni ya wale wanaotaka kila wimbo uwe na sababu. Unasikika jukwaani, studio au redioni, basi. Wimbo wenyewe ulitungwa na Adam Schlesinger na uliteuliwa kuwania Oscar. Kuna jambo la kukuonya: utausikia mara nyingi mno. Filamu inakusudia hivyo, maana wimbo mmoja ndiyo mali yote ya bendi hii, na kila unaporudi wameshabadilika: suti mpya, ukumbi mkubwa zaidi, sura tofauti. Mwenye sikio linalochoka haraka ajiandae. Lakini dakika ile wanapousikia redioni kwa mara ya kwanza, Faye, mpenzi wa mwimbaji wa bendi, akikimbia barabarani huku anapiga kelele, wenzake wakitokea kila upande hadi wote wanakutana dukani na kuruka katikati ya mashine za kufulia na redio zilizofunguliwa sauti ya juu, ni furaha isiyo na doa. Mtu yeyote aliyewahi kusikia jina la mtu wa kwao likitajwa redioni ataielewa.

Kicheko na Kiingereza chake

Hairspray ndiyo nyepesi zaidi kueleweka, kwa kuwa kicheko chake kiko machoni: nywele zilizopandishwa kama mnara, mama mkwara Velma, meneja wa kituo cha televisheni, na John Travolta akiigiza Edna, mama yake Tracy. Nafasi ya Edna imekuwa ikiigizwa na mwanaume tangu filamu ya 1988, ni desturi ya kazi hii. Travolta haigizi kwa kejeli. Anapocheza na mumewe, Christopher Walken, katikati ya nguo zilizoanikwa uani, unaona wazee wawili wanaopendana kweli.

Bye Bye Birdie nayo inachekesha kwa macho. Birdie anawasili kwa pikipiki, suti ya dhahabu, anaimba mbele ya umati, na wanawake wanaanguka mmoja mmoja hadi uwanja mzima umelala. Katika sehemu ya mwisho kuna ngoma ya wacheza ballet wa Kirusi wanaocheza kwa kasi ya ajabu baada ya kiongozi wa okestra yao kutiliwa dawa. Mtoto wa miaka sita atacheka. Baadhi ya mizaha mingine, hasa ya Paul Lynde kama baba, inategemea namna anavyotamka maneno.

That Thing You Do! inachekesha kwa tabia. Mpiga gitaa Lenny, aliyeigizwa na Steve Zahn, hachoki kutupa maneno ya pembeni, na Kiingereza cha shule ya sekondari kinatosha kumfuata ukitulia.

A Hard Day's Night ndiyo ngumu. Vijana wa Liverpool wanazungumza haraka, kwa lafudhi yao, na utani wao uko ndani ya maneno. Washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni cha chuo kikuu. Mzaha mmoja unahitaji ufunguo: kila mtu anasema babu wa Paul ni msafi. Mwigizaji wake, Wilfrid Brambell, alikuwa maarufu Uingereza kwa igizo la televisheni ambamo mwanawe alikuwa akimwita mzee mchafu. Ukilijua hilo unacheka. Usipolijua unabaki kujiuliza kuna nini na sabuni. Lakini Ringo anapotandaza koti juu ya madimbwi ili bibi mmoja apite, na dimbwi la mwisho likawa shimo, hapo hakuna anayehitaji lugha.

Nani atakuwa sebuleni

Zote nne zinaweza kutazamwa na familia, lakini kila moja ina kitu cha mzazi kujua mapema. Sigara zimo, maana ndivyo enzi zile zilivyokuwa. Mwanzoni mwa Hairspray kuna mwanaume anayefungua koti kuwaonyesha wanawake mwili wake. Anapita kwa sekunde chache na haonekani kitu, huyo ni John Waters mwenyewe akitoa salamu. Kubwa zaidi ni kwamba watoto watauliza kuhusu ubaguzi wa rangi, nawe jiandae kujibu. Filamu inalishughulikia jambo hilo kwa matumaini makubwa, pengine makubwa kuliko historia yenyewe, ambayo iliishia na kipindi kufungwa.

Bye Bye Birdie imezeeka upande wa wanawake. Rosie ana akili kuliko Albert mara tatu, na bado hamu yake yote ni kuolewa naye. Kim ni mwanafunzi, lakini Ann-Margret, aliyekuwa na miaka ishirini na kitu, anaigiza kwa namna inayoifanya kamera isimwache hata kidogo. Ndiyo filamu iliyompaisha. Mwaka uliofuata mwongozaji huyo huyo, George Sidney, alimweka katika filamu nyingine pamoja na Elvis wa kweli.

A Hard Day's Night ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Hilo litawafukuza vijana wengine kabla hata hawajaona kitu, na ni hasara yao, kwa sababu picha zake zina uhai. Inasaidia kwamba ni fupi, dakika 87 hivi. Nyingine zinakaribia saa mbili. That Thing You Do! ina pia toleo refu lililotoka baadaye. Kwa mara ya kwanza chukua lile la sinema, la dakika 108 hivi, linakwenda kwa mwendo mzuri zaidi.

Kwa hali yako

Ukiwa na watoto na wazee pamoja, na hujui nani anapenda nini, weka Hairspray. Rangi, dansi na kisa vinajieleza, na wakubwa watapata la kuzungumza baada ya hapo. Usiiweke kwa mtu asiyevumilia kuimbaimba. Huyo atainuka mapema.

Ukiwa mwanamuziki, au una mdogo wako anayeanzisha bendi na ameshaanza kugombana na wenzake juu ya nani anaongoza, mtafutie That Thing You Do!. Inawafaa pia wapenzi wawili wanaotaka kisa chenye utu bila matusi.

Ukipenda upigaji picha, uhariri au video za muziki, au ukiwa umewasikia Beatles kwa jina tu na unataka kujua kelele zilikuwa za nini, chukua A Hard Day's Night na uitazame peke yako au na mtu mmoja msikivu. Sebule yenye watu wanaozungumza itakumalizia mazungumzo yake.

Bye Bye Birdie inamfaa anayependa tamthilia za jukwaani za zamani, nguo, rangi na ngoma za kupangwa, na anayeweza kusamehe mawazo ya enzi zake. Inamfaa pia anayetaka kuona jinsi watu wazima wa wakati huo walivyowatazama mashabiki wa Elvis: kwa kicheko, na kwa hofu kidogo.

Na kama una wikiendi nzima, usizitazame kwa mwaka wa kutengenezwa. Anza na Bye Bye Birdie, ambamo Ed Sullivan mwenyewe anatokea. Tarehe 9 Februari 1964 Beatles walisimama katika kipindi chake cha kweli mbele ya watazamaji wapatao milioni 73, na jina la John Lennon, mmoja wao, lilipotokea kwenye skrini, chini yake wasichana waliombwa radhi kwamba ameshaoa. Kwa hiyo fuatisha A Hard Day's Night, kisha That Thing You Do!, na bendi ya Guy inapofika televisheni tazama kwa makini maandishi yanayotokea chini ya mwimbaji wao. Utaelewa Hanks ameyatoa wapi, na kwa nini Faye anabadilika uso. Hairspray iache iwe ya Jumapili jioni, sauti ikiwa juu.